Darubini ya Pili

Dada yangu hajawahi kununua kitu kwa haraka. Hata sufuria huigonga kwa ukucha, huigeuza, huikagua chini kana kwamba jina la fundi limeandikwa pale, halafu huirudisha na kuniambia tutakuja kesho. Waliosema mchagua jembe si mkulima hawakumjua. Yeye huchagua jembe mwezi mzima, kisha hulima mpaka majirani waone haya.

Mtaani wanamwita Mama Darubini. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi katika maabara ya zahanati, chumba kimoja chenye sakafu ya vigae, ameinamia darubini akitafuta vijidudu ndani ya tone la damu. Najua wenye vitabu husema chombo cha maabara ni hadubini, na darubini ni ile ya kutazamia mbali. Sawa, wana haki yao. Lakini pale kazini hakuna aliyesema hadubini, labda siku mkaguzi akija. Kilikuwa darubini, basi, na Dada ndiye alikuwa mama yake.

Mtoto aliyemzaa hasa ni mmoja, binti, na yeye hupima miti. Wiki tatu kati ya nne yuko msituni, analala kwenye hema, anazungushia miti utepe na kuandika unene wake. Humpigia mama yake simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nimezisikia simu hizo miaka mingi kwa sababu cherehani yangu iko sebuleni, na sitaficha, zilikuwa zinanitia huzuni. Shikamoo Mama. Marahaba. Hujambo? Sijambo. Kazi? Nzuri. Haya Mama. Haya mwanangu. Watu waliogombana wangekuwa na mengi zaidi ya kuambiana.

Mwaka Dada alipostaafu, Jumapili moja binti akasema jambo jipya. Alikuwa amepata siku mbili za mapumziko. Kambi ilikuwa mahali pazuri, tambarare, saa moja tu kwa miguu kutoka barabarani. Mama aje. Mama mdogo, yaani mimi, aje pia.

Moyoni nilikataa hapohapo. Mtu ana kitanda chake, kizima, chenye godoro, halafu akalale chini kwa hiari yake? Lakini Dada alikuwa ameweka simu mezani na anaitazama kama ina homa.

"Siku mbili," akasema. "Tutaongea nini siku mbili? Ya afya na ya kazi yakiisha, hata chai haitakuwa imechemka."

"Mtaongea kama watu wanavyoongea."

"Sisi hatujui kuongea hivyo, mdogo wangu. Na nikienda nikakaa tu kama gogo, hatanialika tena."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, huku anapangusa meza iliyokuwa safi. Nilijua ni kweli.

Siku ya tatu akaja na jibu lake. Binti alipokuwa na miaka saba, alikuwa akitoka shule anakwenda kumsubiri mama yake maabara, kwenye kigoda karibu na mlango. Siku moja akauliza kama ile darubini inaweza kuona mwezi. Dada akamwambia subiri nimalize. Hakukumbuka kama alimaliza. Sasa angenunua darubini inayoona mwezi kweli, aibebe mpaka kambini, na watu wawili wasio na la kusema wangekuwa na cha kutazama.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Dada aliandika masharti nyuma ya karatasi ya kalenda na kuyabandika kwenye jokofu. Iingie kwenye begi la mgongoni. Niibebe mwenyewe saa nzima bila kumwita mtu. Isitetemeke. Asiyejua kitu aone kitu ndani ya dakika moja. Akaanza mazoezi ya kutembea jioni na pakiti za unga za kilo moja moja mgongoni, akiongeza moja kila baada ya siku mbili. Zilipofika sita, akarudi ameshika kiuno. "Tano," akasema, akaiandika namba hiyo kwenye kalenda. Kwa hiyo darubini isingezidi kilo tano, kwa sababu ya kiuno.

Tulikwenda kwenye duka la kamera na saa. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye maneno ya kutosha maduka matatu. Alitutolea moja ndefu, nyeupe, ya miguu mitatu, imesimama kama korongo. Boksi lake liliandikwa kwa herufi nyekundu kwamba inakuza mara mia tano.

"Mama, hii ukiielekeza mwezini utawaona mpaka wanaoishi huko," akasema.

"Kioo cha mbele kina upana gani?" Dada akauliza.

Kijana akatazama boksi. Upana ulikuwa kama wa kifuniko cha chupa ya maziwa.

"Mwanangu, mimi nimekuza vitu maisha yangu yote," Dada akasema. "Ukikuza sana na mwanga ni kidogo, unakuza giza. Unapata giza kubwa."

Kisha akafanya jambo ambalo lingemfukuzisha katika duka lolote. Akaielekeza darubini kwenye bango la saluni ng'ambo ya barabara, akaweka jicho, akaipiga mguu kwa kidole. Akahesabu kwa sauti. Bango lilitulia alipofika saba. Akatikisa kichwa. Wateja wawili waliokuwa wakitengenezewa saa walisimama kuangalia, na mimi nikajifanya sikuja naye.

Tulirudi mara tatu zaidi, na darubini ya nne ndiyo ilimnyamazisha. Ilikuwa fupi, nene kama ndoo ndogo, haina miguu kabisa. Ilikaa juu ya kitako cha mbao kinachozunguka, unaiweka mezani kama birika. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na kioo cha kujitazamia chenye upana wa kisahani cha kikombe. Kijana alikuwa haipendi. Alisema watu huirudisha kwa sababu inaonyesha vitu kichwa chini, tena ukiisogeza, kitu unachokitafuta kinakimbilia upande mwingine.

Dada akacheka mpaka akatoa miwani. "Miaka thelathini na moja pale maabara nimeiona dunia hivyo hivyo. Hebu lete."

Akaweka jicho, akalipata bango la saluni kwa jaribio la kwanza. Akaipiga kidole. Moja, na bango likatulia. Mizani ya duka ikasema kilo nne na nusu. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, maana ningerudi pale mara moja zaidi ningehama nyumba.

Begi nililishona mwenyewe, kwa turubai, nikaweka ndani sponji la mto wa kochi ambalo hakuna atakayelikumbuka. Jumapili ikafika, simu ikalia. Dada huweka spika kwa sababu hataki kushikilia kitu sikioni. Baada ya marahaba, akaivunja desturi ya nyumba.

"Nakuja na darubini," akasema. Alikuwa na furaha kama mtoto mwenye viatu vipya.

"Darubini, Mama? Huku kambini?"

"Nimeshaifungasha."

Halafu sauti ya binti ikaja, ya adabu, ya upole, na baridi. "Haya Mama. Kama una kazi si lazima uje. Tutapanga siku nyingine."

Simu ilipokatika, Dada alibaki ameishika meza. "Haitaki," akasema. "Nimechelewa. Kesho nairudisha dukani."

Mimi nilikuwa na pini tatu mdomoni. Nikazitoa moja moja. "Umemwambia ni ya aina gani?"

"Nimemwambia darubini. Darubini ni darubini."

"Dada, mwanao anaijua darubini moja tu maisha yake yote."

Hakunielewa. Kisha akaelewa, na akakaa kitini bila kutazama kama kiti kipo.

"Anadhani nabeba choo cha watu kwenye vikopo mpaka msituni?"

"Uliwahi kuileta ile darubini hapa nyumbani."

"Mara moja! Kuisafisha."

"Mara tatu. Na moja ilikuwa siku yake ya kuzaliwa."

Nilijuta kabla sijamaliza kusema, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Hakunikasirikia. Alikaa mpaka chai ikapoa, na kilichomuuma, alinieleza baadaye, si kwamba binti amekosea. Kilichomuuma ni kwamba binti hakushangaa. Mama yake kuja na kazi kwenye siku zao mbili, aliona ni jambo la kawaida.

Nikamshauri ampigie amweleze. Akakataa. Alisema amemweleza mambo mengi sana kwa simu. Akamtumia ujumbe wa maneno matatu tu: Nakuja. Sina kazi.

Tulifika kambini mchana wa Ijumaa, mimi nikiwa nimekanyaga kila jiwe lililokuwa njiani. Binti alitupokea kwa heshima zote, akatupokonya mizigo. Alipofika kwenye begi la turubai mkono wake ukasita. Dada akasema, "Hilo niachie, nimelifanyia mazoezi." Akalibeba mwenyewe mpaka kwenye hema. Tukanywa chai. Tukasema ya afya. Tukasema ya kazi. Nikalisifia hema mara mbili, hema ambalo halikuwa na cha kusifiwa. Yakaisha, na jua lilikuwa bado juu ya miti kama Dada alivyotabiri.

Mwezi wa nusu ulikuwa umeshatoka, mweupe, mchana kweupe. Dada akauangalia. Akainuka, akageuza kreti tupu la soda likawa meza, akafungua begi, akatoa ile ndoo yake nene.

Binti alisimama na kikombe mkononi. "Hiyo ni nini?"

"Darubini," Dada akasema. "Ya mwezi. Uliuliza ukiwa na miaka saba. Nikakwambia subiri nimalize." Akafuta kitako kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. "Ndiyo nimemaliza, mwanangu. Nisamehe, nimechukua muda."

Binti aliweka kikombe chini, kikapinduka, hakukiinua. Dada alikuwa ameshainama juu ya kreti, mikono yake inaisogeza darubini kinyumenyume bila hata kufikiri, akaupata mwezi kabla mimi sijakaa vizuri. "Njoo upesi, unahama."

Binti akainama. Akafumba jicho moja, uso wote ukakunjamana. Aligusa darubini, mwezi ukamkimbia, akaguna. Dada akamrudishia. Ukamkimbia tena.

"Usilifumbe hilo jingine," Dada akasema. "Utachoka. Sisi kazini hatufumbi, tungekuwa vipofu wote. Jicho la kulia linafanya kazi. La kushoto unaliacha wazi, lione linachoona."

"Linaona nini sasa?"

"Kilicho kando. Mimi langu lilikuwa linakuona wewe."

Binti akainua kichwa. "Ulikuwa hunioni, Mama." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma unene wa mti kwenye utepe. "Nilikuwa nakaa pale saa tatu nzima. Hukuwahi kugeuka."

"Sikugeuka, hilo ni kweli. Na uso wako nilikuwa siuoni, maana nimeinama. Nilikuwa naona miguu." Dada alikuwa anaongea na kreti la soda. "Ulikuwa unavua viatu, unahesabu vigae kwa kidole gumba. Unaanzia mlangoni, unasogea na kigoda chako polepole kuja kwangu, kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Kisha unarudi mlangoni unaanza upya. Kila siku. Cha ishirini kilikuwa chini ya kiti changu. Nami nilikuwa nasema, leo akifika ishirini naacha kila kitu. Hukufika hata siku moja, na mimi sikukwambia njoo."

Miaka yote hiyo tumekaa nyumba moja, sikuwahi kusikia habari ya vigae. Binti naye, nilimwona usoni kwamba hakuwahi kumwambia mtu. Mimi nikaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wangu, na mpaka leo sijui nilikuwa natafuta nini.

Halafu akainama tena kwenye darubini. Safari hii hakufumba. Alikaa hivyo muda, jicho la kulia kwenye kioo, la kushoto wazi, linatiririka machozi.

"Unauona?" Dada akauliza.

"Umeshahama." Akavuta kamasi. "Naona miguu yako. Soksi zako hazifanani, Mama."

"Moja ni ya mama yako mdogo."

Ni kweli. Nilikuwa nimeitafuta tangu asubuhi.

Binti akacheka, kicheko kibovu chenye maji ndani. Kisha, bila kuinua kichwa, akavua kiatu, akasogeza mguu juu ya majani polepole mpaka kidole gumba chake kikagusa mguu wa mama yake.

"Ishirini," akasema.