Moshi wa Chumbani Kwetu

Mume wangu alikuwa akivuta sigara chumbani tu, dirisha likiwa limefungwa. Nje hakuna aliyewahi kumuona nayo mkononi. Alikuwa mwalimu wa chuo. Watoto wa mtaa mzima walisoma Qurani kwake, katika chumba cha chini cha nyumba yetu, mtaa wa Malindi, na wazazi wao walimwita Maalim kwa heshima hata alipokwenda dukani kununua chumvi. Sigara hakununua mtaani. Alikwenda hadi Mlandege, kwenye duka wasikomjua, akarudi nazo ndani ya mfuko wa kanzu.

Mimi nilimsaidia kuficha. Akishasali Isha akipanda chumbani, mimi ndiye niliyevuta mbao za dirisha nikatia komeo. Vichochoro vyetu ni vyembamba, dirisha letu na la jirani yanatazamana, na moshi ungeingia moja kwa moja sebuleni kwa watu. Basi ulibaki kwetu. Nilifukiza udi juu yake, nikatia asumini kwenye mto, nikalala. Niliishi hivyo zaidi ya miaka ishirini, na nikiona ndiyo unyumba wenyewe.

Macho yalianza kunisumbua taratibu. Nikitoka uchochoroni nikiingia kwenye jua la Darajani, mwangaza ulinijaa machoni mpaka nikalazimika kusimama. Taa za gari zikawa na duara la ukungu. Nilinunua miwani kwa mchuuzi, haikunifaa. Nikanunua nyengine, ikawa vile vile. Sikumwambia mtu. Kazi yangu ni kupaka maharusi hina, na mpakaji hina akishasemwa kwamba haoni, simu yake hailii tena.

Nikaendelea kupaka kwa mazoea ya mkono. Mpaka siku niliyoitwa Mlandege kumpaka binti wa watu wenye duka la vitambaa. Walitaka hina nyekundu tupu, bila piko, ile rangi nyeusi. Shangazi wa bi harusi ndiye aliyesimamia kila kitu, na alinieleza mara mbili. Koni zangu za hina na za piko nilikuwa nimezitia katika mkoba mmoja, kama siku zote. Mwenye macho mazima hawezi kuzikosea.

Nilikuwa nimeshamaliza mkono mmoja na nusu ya wa pili shangazi aliposogea.

"Bi, hii nini?"

"Hina."

"Hina nyeusi?"

Nikauvuta mkono wa yule binti karibu na uso wangu, karibu pua iguse. Ilikuwa piko. Tena maua niliyoyachora hayakukutana na vikonyo vyake. Jani moja lilikuwa linaelea peke yake juu ya kifundo cha mkono. Bi harusi alinitazama, kisha akaanza kulia polepole bila ya kujifuta, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa mibichi.

Shangazi aliniinamia ili auchukue ule mkono, akarudi nyuma.

"Ananuka sigara huyu," alimwambia mwenziwe. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini chumba kizima kilisikia. "Ndiyo maana kazi yenyewe hivi. Mtu mzima, wala haoni haya."

Neno lilinifika kwenye ncha ya ulimi: si mimi, ni mume wangu. Lakini mjukuu wa nyumba ile alikuwa akisoma kwake. Nikainamisha kichwa, na wote mle chumbani wakajua kwamba nimekiri.

Wakamwita mpakaji hina mwengine, msichana niliyemfundisha mwenyewe, akaligeuza lile kosa langu kuwa pambo kwa kulizidishia piko. Alinisalimu, "Shikamoo, Bi," kwa upole ulioniumiza kuliko maneno ya shangazi. Nikashuka ngazi kwa kupapasa ukuta.

Habari hizo zilimfikia mwanangu, aliyeolewa Fumba, kabla mimi sijapata la kumwambia. Alikuja, akaninyooshea vidole kutoka upande wa pili wa sebule.

"Vingapi, mama?"

"Usinifanyie mchezo."

"Mama, vingapi?"

Sikujua. Akaninyanyulia buibui langu, tukenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka lakini si mkali. Walinitia dawa ya matone, tukangoja mboni zitanuke, kisha nikaweka kidevu kwenye mashine na ule mwangaza ukanipenya.

"Ni mtoto wa jicho, mama. Macho yote mawili. La kulia limezidi."

"Huo si ugonjwa wa wazee?"

"Wengi ni wazee. Wewe umewahi kidogo, ndiyo maana nataka kukuuliza." Akaniuliza sukari, akaniuliza kama niliwahi kugongwa jicho, kama natumia dawa za kila siku. Yote nilijibu. "Unavuta sigara?"

"La."

"Na nyumbani? Kuna anayevuta?"

"Hakuna."

Mwanangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Nilisikia akivuta pumzi. Yeye kakulia katika nyumba ile. Kila nguo aliyokwenda nayo skuli nilimfukizia udi.

"Baba anavuta," alisema. "Chumbani, na dirisha wanalifunga."

Uso ulinipata moto. Nilihisi kana kwamba mtoto wangu kanivua nguo mbele ya mgeni. Daktari hakunisuta. Alichora duara kwenye karatasi, akaonesha mahali nyuma ya mboni.

"Hapa pana lenzi. Ni safi kama kioo, mwangaza unapita. Anayevuta sigara, sumu za moshi zinaingia kwenye damu na zinafika mpaka hapa. Zinaiharibu lenzi kidogo kidogo, mpaka inafifia. Umeshaona ute wa yai ukitiwa kwenye sufuria ya moto? Unakuwa mweupe, na ukishakuwa mweupe haurudi. Ni kama hivyo, ila huku inachukua miaka."

"Lakini mimi sivuti."

"Kwa anayevuta mwenyewe, hilo linajulikana. Kwa anayekaa kwenye moshi wa mwenziwe, siwezi kukuapia kwamba ndio uliokufanya hivi. Pengine ni jua, pengine ni mwili wako tu. Ninachojua ni kwamba moshi haukukufaa kitu."

Nilitamani aape. Angeniapia ningelikuwa na wa kumlaumu. Nilitoka pale sijui kama nimuonee mume wangu hasira au niionee haya mikono yangu iliyokuwa ikitia komeo.

Mwanangu ndiye aliyemwambia baba yake, mezani, bila ya kuzunguka. Maalim alisikiliza mpaka mwisho. Akanawa mikono, akapanda juu. Usiku ule hakuvuta.

Siku ya upasuaji alinisindikiza, amevaa kanzu na kofia yake nzuri. Tulikaa kwenye benchi na watu wengine, na mmoja wao alikuwa baba wa mwanafunzi wake. Muuguzi alikuja kunipa maelezo: nisilowanishe jicho, nisilisugue, nisikae kwenye moshi.

"Nyumbani kwenu kuna mvutaji?"

Nilifungua mdomo niseme hakuna.

"Mimi," alisema Maalim. "Mimi ndiye ninayevuta."

Yule baba wa mwanafunzi akageuka. Najua ningepaswa kumshika mume wangu mkono pale. Sikumshika. Nilitazama sakafu, nikamuonea haya, kisha nikajionea haya mimi mwenyewe kwa kumuonea haya yeye, mpaka walipokuja kunichukua.

Upasuaji wenyewe haukuniuma. Walinitia ganzi, nikaona mwangaza na vivuli vinavyotembea, nikasikia daktari akiniambia nitulie. Walitoa ile lenzi iliyofifia wakatia ya plastiki. Nilirudi nyumbani jicho limefunikwa, na jioni ile wanawake wa mtaani wakaja kunijulia hali. Niliwapokea chumbani, nimelala, nao wakakaa kitandani na kwenye mkeka, tukazungumza vizuri.

Kesho yake nilikwenda hospitali, wakalifunua jicho. Nilimuona mwanangu, nikaona ana madoa madogo mashavuni ambayo sikuyajua. Buluu ya mlango wa hospitali karibu initie machozi. Nilirudi nyumbani nikitazama kila kitu kama mtu aliyetoka safari.

Kisha nikaingia chumbani. Chandarua changu, ambacho nilikuwa nikikifua na kujisifu kwa weupe wake, kilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Ukuta juu ya kitanda ulikuwa na baka la manjano lililopanda hadi kwenye boriti. Nikakumbuka wale wageni wa jana, jinsi walivyokaa chini ya chandarua kile wakinipa pole.

Jirani wa lile dirisha linalotazamana na letu alikuja mchana na uji. Nilishindwa kujizuia.

"Jana mliona chumba changu kilivyo?"

Aliweka bakuli chini. "Bi, tunajua siku nyingi. Ulidhani udi unaficha?"

"Na hamkusema?"

"Tungesema nini? Ulikuwa unaficha kwa bidii mno, tukakuonea huruma."

Alipoondoka nililia, na nilikuwa nimekatazwa kulisugua jicho.

Maalim alikishusha kile chandarua mwenyewe na akapaka ukuta chokaa. Mzazi mmoja alimhamisha mwanawe chuo. Wengine walibaki. Kuacha hakuacha kwa siku moja. Aliacha, akarudi, akawa anavuta darini, kwenye paa la wazi, mchana, mtu yeyote akitazama juu anamuona. Siku hizi zinapita wiki bila ya kumuona anapanda. Mimi nimerudi kwenye kazi, ingawa Mlandege hawajaniita tena, na jicho la kushoto linangoja zamu yake.

Juzi tu amekubali naye kupimwa. Anasema anafanya hivyo kuniridhisha mimi, kwani macho yake hayana kitu. Eti ni misahafu ya siku hizi inayochapishwa kwa wino hafifu. Sikumcheka. Nilimpigia mwanangu simu, nikamwambia aje atusindikize.