Chemchemi Isiyo na Mtu

Yule mtu aliingia studio ya Shamima Jumatatu asubuhi, na jambo la kwanza alilofanya ni kuchungulia nyuma ya pazia kuona kama kuna mtu mwingine ndani. Hakukuwa na mtu. Akavua kofia, akasema anaitwa Muthamia na ametoka Meru, kisha akauliza swali ambalo Shamima hakuwahi kuulizwa katika miaka kumi na tisa ya kushika kamera.

"Unaweza kupiga picha za mahali bila mtu yeyote kuonekana?"

Shamima alidhani ni mzaha, kwa sababu kazi yake ilikuwa watu. Alikuwa binti wa mchinjaji wa Majengo, mjini Embu, na studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya bucha ambayo sasa iliendeshwa na kaka yake, Idrisi. Alipiga picha za pasipoti, picha za wanafunzi waliomaliza kidato cha nne, picha za familia nzima siku ya Idi. Lakini jina lake lilijengwa na maharusi. Familia za Kiislamu kutoka Embu hadi Meru zilimwita kwa sababu chumba anachopambiwa bibi harusi hakiingii mwanamume, na kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna picha hata moja iliyotoka mikononi mwake ikaonwa na asiyestahili kuiona.

Muthamia alitaka vitu vitatu: maporomoko, korongo, na chemchemi ya maji moto, vyote ndani ya hifadhi ya taifa iliyo juu ya Kianjokoma. Alisema ni za kalenda. Asionekane mtu, isionekane nguo, isionekane hata ndoo. Na Shamima asibaki na nakala.

"Meru wapiga picha ni wengi," Shamima akasema. "Mbona hukuchukua wa huko?"

"Wa huko wanajua watu wengi," Muthamia akajibu, akavaa kofia yake.

Mchana Shamima alimweleza Idrisi, aliyekuwa akinoa kisu mlangoni mwa bucha. Idrisi hakuinua uso.

"Kalenda isiyo na watu, sawa. Lakini mtu anayeogopa nakala anaogopa nini?"

"Labda hataki mwingine aziuze."

"Labda," Idrisi akasema, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Shamima naye hakuamini. Aliichukua kazi hata hivyo, na sababu aliijua mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepiga nyuso mbele ya kitambaa cha bluu. Mara nyingi, akishafunga studio, aliangalia kwenye simu picha za milima na maji zilizopigwa na watu wengine, akajiuliza yeye angesimama wapi, angengoja mwanga gani. Sasa mtu alikuwa amemfungulia mlango, na hakutaka kuchunguza sana mkono ulioushika.

Alipanda Kianjokoma Alhamisi, jua lilipoanza kuchomoza. Getini alipokewa na askari wa hifadhi aliyeitwa Njue, mtu mrefu wa maneno machache. Njue aliisoma barua yake ya ruhusa mara mbili, akamwomba afungue mfuko, akaandika jina lake na nambari yake ya simu kwenye kitabu.

"Nani amekutuma?"

"Bwana Muthamia, wa Meru."

Njue aliacha kuandika. "Huyo simjui," akasema, lakini alisema haraka mno.

Akachukua bunduki yake, wakaingia msituni pamoja, na kwa mwendo wa saa nzima hakuuliza kitu kingine.

Maporomoko yalisikika kabla ya kuonekana. Shamima aliposhuka chini yake, manyunyu yalimlowesha mtandio mara moja. Alisimamisha miguu mitatu ya kamera kati ya mawe yenye utelezi, akafunika lenzi kwa kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga alichokinunua zamani na hakuwahi kupata kazi nacho, akabonyeza na kuhesabu polepole hadi nne. Alipoangalia, maji yalikuwa yamelainika kama maziwa yanayomiminwa, na jiwe jeusi pembeni yake likaonekana kila ufa. Alicheka peke yake. Alirudia, akahama, akarudia tena, mpaka Njue akakohoa.

Kwenye korongo alilazimika kulala kifudifudi ukingoni ili lenzi ishuke chini hadi mtoni. Njue alishika kamba ya mfuko aliouvaa mgongoni, uso akiugeuzia upande mwingine kwa adabu.

"Yule mtu wako," akasema ghafla, Shamima akiwa bado amelala hapo, "amekuambia picha ni za nini?"

"Za kalenda."

Njue akatazama tena upande ule mwingine. Alishika tu kamba.

Walifika kwenye chemchemi saa tano. Kwanza ilikuja harufu ya mayai viza, kisha mvuke ukionekana juu ya vichaka, kisha sauti za wanawake wakiongea Kiembu na kucheka. Walikuwa saba, wameketi kwenye mawe yaliyoganda chumvi nyeupe, nguo wamezikunja hadi magotini, miguu majini. Walipomwona Shamima wakageuka wote pamoja.

"Njue, huyu ni nani?" akauliza mmoja wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni. Jina lake lilikuwa Veronicah, na aliuza kabichi na karoti Kianjokoma.

"Ni mpiga picha."

"Wa nani?"

Njue alimwangalia Shamima, kana kwamba na yeye alilitaka hilo jibu.

"Ni kazi tu nimepewa, mama," Shamima akasema. Lenzi ilikuwa imeingia ukungu kwa sababu ya mvuke, akajishughulisha kuifuta ili asitazame nyuso zao. "Ninaomba mnipishe kidogo. Dakika kumi tu."

"Tukupishe kwa maji yetu? Kila Alhamisi tuko hapa. Mama zetu walikuwa hapa. Hata hao wakubwa wa hifadhi wanajua, na hakuna aliyetufukuza. Wewe umefika leo, unatutoa?" Veronicah akauliza.

Mzee kuliko wote, ambaye wenzake walimwita Cucu Wawira, yaani Bibi Wawira, aliinua mkono. Magoti yake yalikuwa yamevimba kama maboga. "Wacha mtoto afanye kazi yake," akasema. "Ametoka mbali."

Wakatoka majini mmoja mmoja, wakaokota viatu na leso, wakaenda nyuma ya vichaka. Cucu Wawira ndiye aliyekawia, akishikiliwa na Veronicah. Shamima alingoja mpaka pindo la mwisho la nguo likapotea, kisha akabonyeza. Picha ilikuwa nzuri sana: maji ya kijani, mvuke ukipenywa na jua, mawe meupe. Hata hivyo alihisi kama mtu aliyemwambia mwenye nyumba atoke ili yeye apige picha ya kiti chake.

Kesho yake Muthamia hakutaka kuja studio. Walikutana ndani ya gari lake, nje ya hoteli moja mjini. Alizipitia picha kwenye kompyuta ya Shamima upesi upesi, akikagua vichaka na vivuli vya miti.

"Hakuna mtu," akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akazinakili kwenye kifaa chake, kisha akakaa pale pale mpaka Shamima akafuta kila kitu, kwenye kadi na kwenye kompyuta. Alimlipa kama walivyopatana. Siku mbili baadaye Shamima alipopiga simu kuuliza kalenda itatoka lini, nambari ilikuwa haipatikani. Akapiga tena jioni. Haikupatikana.

Wiki tatu zikapita. Kila gari jeupe lililopunguza mwendo mbele ya bucha lilimfanya Shamima atazame. Hakujua anaogopa nini hasa. Ndipo Njue akapiga simu.

"Picha zako ziko huku Kianjokoma. Kesho saa tatu kuna kikao cha watu kutoa maoni, kwa ukumbi wa chifu. Kuja uone. Na usiseme ni mimi nimekuita."

Shamima aliishika simu muda mrefu baada ya kukatika. Nambari yake Njue aliitoa wapi? Kwenye kitabu cha geti, bila shaka. Lakini kwa nini amwite? Huenda watu walikuwa wamekasirika, na alitakiwa mtu wa kutupiwa lawama. Alimwambia Idrisi, na Idrisi, ambaye hakuwahi kufunga bucha hata alipokuwa na homa, alifunga.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele ya meza kulitundikwa bango refu kuliko mtu, na juu yake ile chemchemi. Shamima aliiona picha yake ikiwa kubwa hivyo, na kwa nukta moja akajivunia, Mungu amsamehe. Kisha akamsikiliza mwanamume wa kampuni ya hoteli aliyekuwa akizungumza. Walitaka kujenga mabwawa ya kuogelea ya maji moto na vyumba vya wageni, uzio ukizunguka. Eneo lenyewe, alisema, halitumiwi na mtu yeyote, kama picha zinavyoonyesha wazi. Nyuma yake alikuwa ameketi Muthamia, safari hii bila kofia, akiangalia simu.

"Huyo hapo!" Sauti ya Veronicah ilipasua ukumbi. "Huyo wa mtandio! Ndiye alitutoa kwa maji!"

Watu wakageuka. Mtu alisema watu wa kampuni wamejaa hadi ndani ya ukumbi, mwingine akasema mlango ufungwe. Idrisi akasimama mbele ya dada yake. Shamima hakuweza kuyatazama macho yale yote, akayakimbiza yake kwenye bango. Na kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kukagua picha kila pembe, alikagua hiyo pia, na mahali pa chini, upande wa kulia, akaona alichokuwa hajakiona kwenye kompyuta.

Akainua mkono. Aliyeongoza kikao alikuwa afisa wa mazingira, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani. Alimruhusu kusema.

"Hiyo picha niliipiga mimi," Shamima akasema.  "Yule bwana pale nyuma ndiye alinituma, akaniambia asionekane mtu. Hawa mama walikuwepo. Niliwaambia watoke."

Kelele zikapanda. Afisa akagonga meza. "Una picha inayowaonyesha?"

"Sina. Nilifuta zote. Aliniambia nifute."

"Kwa hivyo ni maneno matupu," akasema mtu wa kampuni. Muthamia aliinua macho kutoka kwenye simu.

Shamima akatembea hadi kwenye bango, akaweka kidole kwenye mawe meupe. "Mama, tazama hapa."

Afisa alivua miwani, akasogea karibu. Kwenye ile chumvi nyeupe kulikuwa na alama nyeusi za majimaji, zikitoka kwenye maji na kuelekea vichakani. Zilikuwa nyayo za miguu mitupu, nyingi, kubwa na ndogo, bado hazijakauka.

"Ni zake mwenyewe," akasema mtu wa kampuni.

"Mimi nilivaa buti. Na askari alivaa buti. Na hii hapa inaburutwa, inaonyesha mstari."

"Hiyo ni yangu," Cucu Wawira akasema kutoka kwenye benchi la mbele, bila kusimama. "Huu mguu wa kushoto hauinuki."

 Afisa akamwita Njue, aliyekuwa amesimama mlangoni. Njue alimtazama Muthamia, akatazama chini, na Shamima akadhani atakana.

"Alhamisi wanaingia," akasema mwishowe. "Ninawaandika kwa kitabu. Aliyekuwa geti kabla yangu pia aliwaandika."

"Kitabu kiletwe," afisa akasema.

Kilipofika na kuanza kusomwa majina, kiti cha Muthamia kilikuwa kitupu. Hakuna aliyemwona akitoka. Baadaye Shamima alimuulizia Meru kwa watu watatu; mmoja alimwambia ni dalali wa mashamba, wa pili kwamba ni mwalimu aliyeacha kazi, wa tatu kwamba hakuna mtu kama huyo.

Ombi la kampuni lilirudishwa bila kukubaliwa. Baada ya miezi mitano ikaja barua yenye muhuri kwamba wanawake wataendelea kuingia siku ya Alhamisi, na kwa mara ya kwanza ruhusa yao ikawa imeandikwa rasmi.

Kwa Shamima mambo hayakuisha vizuri hivyo. Habari zilishuka hadi Embu zikiwa zimepinda njiani. Msimu ule harusi tatu zilimkimbia. Mama wa bibi harusi mmoja, Bi Mwanamisi, alimwambia kwenye simu, "Samahani binti yangu, tumesikia unauza picha." Shamima alieleza yote, na Bi Mwanamisi akasikiliza mpaka mwisho, akamchukua mpiga picha mwingine. Ilipita karibu mwaka kabla vyumba vya wanawake kumfungukia tena, na si vyote vilivyofunguka.

Alhamisi moja alipanda Kianjokoma bila kazi ya mtu. Njue alimwandika kitabuni pamoja na wale wanawake saba. Kwenye chemchemi alivua buti, akakunja suruali chini ya buibui, akasimama akingoja kuambiwa lolote. Cucu Wawira akapiga jiwe la karibu kwa kiganja kumwonyesha pa kukaa. Maji yalikuwa moto kuliko alivyofikiria. Alivuta pumzi, wengine wakacheka. Veronicah hakucheka. Alisogea kidogo kumpa nafasi, kisha akauchukua mfuko wake mwenyewe uliokuwa katikati yao, akauweka upande wa pili, mbali na Shamima.