Matundu Manne Kwenye Kitako cha Bunduki

Siku hiyo naikumbuka hadi leo, mwanangu, pamoja na rangi ya vumbi lake. Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi. Nilikuwa seremala kijana mjini Jinja, na kazi ilipokosekana nilikwenda Busiu, upande wa Mbale, kwa baba yangu mdogo, Masaba. Alikuwa mwindaji mwenye kibali, na bunduki yake ilikuwa nzito. Goti lake lilikuwa bovu, kwa hiyo mbebaji nilikuwa mimi.

Nikilalamika, alicheka. "Fundi wa Jinja, umechoka? Hiyo ni bunduki, si fimbo ya kwaya."

Kisha alinieleza kwa upole. Mnyama akiwa mbali, pumzi na mapigo ya moyo wa mpigaji hutikisa bunduki nyepesi. Uzito ndio unaoituliza. Na uzito huo sharti ugawanyike sawa. Aliilaza juu ya kidole kimoja, mbele kidogo ya kifyatulio, nayo ikatulia, haikuinama upande wa mtutu wala wa kitako.

"Hapa ndipo mkono wangu ulipopazoea," alisema.

Nilisikia, lakini bega liliniuma. Jumapili alipokwenda kanisani nilifungua bati la kitako, nikachukua keke, nikatoboa matundu manne marefu ndani ya mbao, kisha nikarudisha skurubu vizuri. Bunduki ikawa nyepesi. Nilijisifu moyoni. Nilipanga kumwambia tukila, halafu nikaahirisha.

Jumanne tukiwa mbugani, Land Rover ya jeshi ilisimama, wakashuka askari wanne. Mkubwa wao alionyesha kongoni mmoja, mbali sana.

"Wewe mzee, watu nasema wewe hapana kosa. Piga ile. Leo sisi nakula nyama."

"Sawa, afande."

Mimi ndiye niliyemkabidhi bunduki. Nafasi ya kusema ilikuwa hapo. Niliona askari wanatutazama, nikanyamaza. Alipoiinua, mkono wake wa kushoto ulishika pale ulipopazoea, na mtutu ukainama. Risasi ikatimua vumbi mbele ya kongoni. Ya pili vilevile. Mnyama akaenda zake.

Askari walicheka. Mkubwa wao hakucheka.

"Wewe nakosa makusudi. Risasi nzuri naweka kwa nani? Kwa waasi?"

Baba mdogo aliilaza bunduki juu ya kidole chake. Ikaangukia mbele. Akanitazama kidogo tu. Angeweza kunitaja, mwanangu.

"Ni macho, afande," alisema. "Nimezeeka."

Wakampandisha garini. Aliponipita alisema, "Mwambie mama yako mdogo apike maharage tu."

Niliposikia amepelekwa Jinja nilimfuata, nikasimama siku tatu kwenye lango la kambi ya jeshi. Mlinzi alisema hakuna mtu wa jina hilo. Hatukumwona tena. Mama mdogo alizeeka akiamini kwamba ni macho yaliyomponza mumewe, nami sikumwambia. Sasa naye hayupo.

Ndiyo maana nakuomba, usibadili kifaa cha mtu kwa sababu kimekulemea wewe; uzito wake huenda una kazi usiyoijua. Na ukishakosea, sema kabla mwenyewe hajakitegemea. Kama ningesema Jumapili ile, ningetukanwa mpaka jioni, basi. Mungu akujalie ujasiri wa kukiri mapema, na uliyemkosea akusamehe kwa kinywa chake mwenyewe, angali hai.