Picha ya Mama na Ng'ombe Yake

Nyinyi wa hapo nyuma, sogeeni mbele, chai haitoroki. Na wewe mwenye umeshika simu, usinipige picha kabla sijamaliza, ama ukinipiga, rudi nyuma. Rudi tena. Hapo ndio sawa. Nikimaliza utajua kwa nini nakusumbua.

Mnaniona vile niko mrefu. Mungu alipokuwa ananivuta aliitwa nje kidogo, akasahau kuniachilia. Nikisimama kwangu Munyaka, naona mvua ikianza kunyesha huko mbali Turbo na naenda kuanua nguo. Sasa kwa sababu ya huu urefu, hakuna harusi hata moja ya ukoo wetu ambayo niko na kichwa. Mpiga picha anapanga watu, anasema songeni, songeni, halafu picha ikitoka kila mtu ako na uso wake, na mimi niko hapo katikati: kifua, shingo, basi. Hata harusi yangu mwenyewe. Bibi harusi mzima, maua mkononi, kichwa hakuna. Watoto wangu walipokuwa wadogo walikuwa wanauliza baba yao, "Baba, huyu ulioa kwanza alienda wapi?"

Hiyo ndio ilinipeleka chuo. Mimi kazi yangu ni maziwa. Nilikuwa napeleka maziwa kwa kantini ya chuo kimoja hapo mjini, na kila asubuhi napita mlango imeandikwa wanafundisha kupiga picha. Nilipita huo mlango mpaka ukanizoea. Siku moja nikaweka mtungi chini, nikaingia ofisini, nikauliza kama wanachukua wazee. Yule dada wa ofisi akaniuliza nilisoma mpaka wapi. Nikamwambia nilisoma mpaka upepo ulipobeba paa ya darasa, na wakati paa ilirudi mimi nilikuwa nimeolewa. Akacheka mpaka akashika meza, akaniambia hiyo kozi ni ya mikono na macho, cheti ya shule si lazima.

Mzee wangu nyumbani, baba watoto, alifikiria sana. Yeye si mtu wa maneno mengi. Akasema atakamua ng'ombe na kuzungusha maziwa kwa mwaka mmoja, na ule mwaka ukiisha asione mtungi tena. Nikakubali. Kijana wetu, fundi wa kuandika mabango, akanichorea bango la duka langu la picha kabla hata sijaanza: HAPA HATUKATI KICHWA. Tukaificha nyuma ya mlango, ingoje cheti.

Siku ya kwanza nikaingia darasani, wale watoto wote wakasimama, wakasema gudmoning madam. Nikawaambia waketi. Nilifundisha karibu nusu saa kabla mwalimu mwenyewe afike. Walipojua mimi ni mwanafunzi kama wao wakaanza kuniita Mathe, vile vijana wa mjini wanaita mama, na mwalimu, ambaye nimezaa watoto wamemshinda umri, akawa ananiita Mum. Mimi nikamwita Mwalimu. Kila mtu akapata heshima yake.

Shida yangu ilikuwa kurudi nyuma. Niliapa sitakata mtu kichwa, kwa hivyo kabla sijabonyeza narudi nyuma, narudi nyuma. Siku moja tuliambiwa tupigane picha sisi wenyewe, nikarudi nyuma mpaka nikavuka barabara. Mwalimu akaangalia hiyo picha kwa kompyuta akakunja uso, akaniuliza, "Mum, hawa ni watu ama ni mchwa?" Lakini kila kichwa ilikuwa hapo, mimi nilihesabu.

Sasa mwaka ukakaribia kuisha na tukapewa kazi ya mwisho. Picha moja tu. Uende kwa mtu amekulea, umpige kwao, vile yuko, si vile anataka kuonekana. Hiyo picha itatundikwa ukutani na mtahini atatoka nje ya chuo kuja kuiangalia. Ukipita unapata cheti. Ukianguka unarudia mwaka, na mimi mwaka mwingine nitatoa wapi? Mzee wangu alikuwa ameanza kuota anakamua, anashika blanketi usiku anavuta. Kwangu hakukuwa na kurudia. Ilikuwa hiyo picha moja ama nirudi kwa mtungi, na lile bango la nyuma ya mlango tulichome kupikia maharagwe.

Chuo ikanipatia kamera Ijumaa, irudi Jumatatu. Jumamosi nikafika Soy kwa mama yangu.

Mama katika maisha yake yote alikuwa amepigwa picha mara moja, ya kitambulisho. Kwa hivyo aliposikia kamera imekuja, alitoa ile gauni ya Pasaka, akavaa kofia ya kanisani, akapaka miguu mafuta mpaka kuku wakawa wanajiangalia hapo. Halafu akaenda kuleta ng'ombe. Nikamwambia mwalimu anataka yeye peke yake. Akaniangalia vile mtu anaangalia mgonjwa.

"Picha bila ng'ombe?" akasema. "Watu waone wafikirie nimefilisika?"

Basi akashika kamba, ng'ombe ikasimama kando yake, na mama yangu akageuka nguzo ya stima. Masikio yote mawili mbele, mdomo umefungwa, macho yametoka. Nikabonyeza. Nikaangalia. Kitambulisho. Nikabonyeza tena. Kitambulisho kubwa yenye ng'ombe.

"Mama, cheka kidogo."

"Nicheke nini na hakuna kitu imesemwa?" Akaniambia siku ile ya kitambulisho alikuwa amecheka, na yule kijana wa serikali akamwambia afunge mdomo. Tangu hapo alijua kamera haitaki mchezo, na yeye si mtu wa kuambiwa kitu mara mbili.

Nikasema, mimi, mtu wa vichekesho, nitashindwa na mama yangu? Nikatoa zote. Ya pasta na punda, ya shemeji na jogoo, ile ya mzee aliyeenda hospitali na godoro. Majirani walikuwa wamejaa wameegemea ua, mmoja alicheka mpaka akaanguka na ua ikaanguka naye. Hata ng'ombe iliacha kutafuna. Mama, hakuna. Jua ikaanza kushuka, mawingu yanakuja kutoka upande wa msitu, na taa ya betri ikawa nyekundu. Hapo sikuwa na kichekesho tena. Nilikuwa nafikiria mzee wangu na mtungi. Nikainamisha kamera.

Mama akaona. Akaniuliza kama imeisha. Nikamwambia bado, lakini ni kama nimeshindwa.

"Wewe piga," akasema. "Mimi nitasimama hivi mpaka kesho."

Sasa hiyo ilikuwa saa ya kukamua, na huko jikoni shemeji yangu anayekaa na mama akagongesha ndoo. Ng'ombe ikisikia ndoo haijui kuna mtihani. Ikageuka yote mara moja, ikarusha mkia, na huo mkia ukamchapa mama kwa kofia, paap. Kofia ikaenda upande, ikafunika sikio. Mama akasimama hivyo, kamba mkononi, hajui akasirike ama afanye nini. Halafu akacheka. Akacheka kile kicheko ambacho sikuwa nimesikia tangu tuzike baba, mdomo wazi, lile pengo la mbele lote nje, machozi yanatoka. Kwa ile haraka sikurudi nyuma hata kidogo. Nilibonyeza tu. Kamera ikafanya tik, ikazima.

Jumatatu mwalimu akasogeza uso kwa kompyuta mpaka nikafikiria anataka kuingia ndani. Akaniuliza nimeipata aje. Nikamwambia ni siri ya kazi.

Siku ya mtahini nilivaa viatu vya kubana makusudi, ili uchungu wa miguu unisahaulishe ule wa kungoja majibu. Mzee wangu alikuja, bado ananuka maziwa. Mama alitoka Soy na kofia ile ile. Mtahini, mama mmoja wa miwani, akapita picha za wale watoto haraka haraka, akafika kwa yangu akasimama. Akakaa hapo muda ambao mahindi ingeota, ikapaliliwa, ikavunwa. Akauliza huyu ni nani. Mama akajinyoosha, akafunga mdomo kama wa kitambulisho, akajibu, "Ni mimi. Lakini hapo sikuwa tayari."

Yule mtahini akacheka, akamgeukia mwalimu akamwambia mbele ya watu wote kwamba nimepita, na hiyo picha isitoke hapo ukutani. Wale watoto wakapiga kelele, Mathe, Mathe. Mzee wangu akakaa chini kwa kiti, akaangalia mikono yake kama mtu ametoka jela.

Lakini mama hakupiga makofi. Alienda karibu na picha. Akaangalia upande huu. Akaangalia upande ule. Akainua fremu kidogo akachungulia nyuma yake, kwa ukuta. Halafu akageuka, akanielekezea kidole:

"Mwaka mzima chuoni, na ng'ombe yangu umeikata kichwa."