Nilijaza viroba vya marudio kwenye boti yetu ya matembezi, na mume wangu akataka kuiuza

Wakuu, natumaini wikiendi inawaendea vizuri.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta tangu juzi. Nilikuwa nawaza, je, wakisema ni chai, nimetunga tu? Wakidai picha? Mume wangu akiusoma? Mwisho nikaona niseme tu kama ilivyokuwa, na atakayebisha abishe kwa adabu.

Mimi ni binti wa Ushirombo, nimemaliza chuo, ajira bado naisubiri. Naishi Katoro na mume wangu, Maduhu. Yeye anauza na kufunga pampu za kutoa maji kwenye mashimo ya dhahabu. Ni mtu asiye na wasiwasi na chochote. Mimi nina wasiwasi wa watu wawili, wangu na wake.

Mteja wake mmoja alikuwa na boti ndogo ya fiber, ya matembezi, ikamshinda. Maduhu akaichukua. Nilidhani anataka kuvulia au kubeba abiria.

"Ni ya kutembelea tu," akaniambia. "Mimi na wewe."

Sasa wakuu, huku kwetu mtu haendi ziwani bila sababu. Siku ya kwanza tuliporudi mwaloni Nkome, pale boti zinapofikia, mama mmoja muuza dagaa, Mama Kulwa, alitupokea kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mayo! Mmepata nini?"

"Shikamoo mama. Hatukwenda kuvua."

"Marahaba. Kumbe mlipeleka mzigo visiwani?"

"Hapana, tulizunguka tu."

Akaangalia dumu letu la petroli, akamgeukia Maduhu. "Umechoma mafuta yote hayo mkaangalie maji? Si ungemleta mwenzio akae hapa kwangu ayaangalie bure?"

Maduhu alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini niwaambie ukweli, boti ile ilinipa mume mwingine. Nyumbani simu yake haitulii, kila shimo limejaa maji na kila mtu anamtaka yeye. Katikati ya ziwa mtandao unakata, naye anaanza kuzungumza. Ndiko nilikojua kwamba utotoni alitoroka shule kwa sababu ya jogoo mmoja wa jirani. Ndiko nilikosikia anavyotaka kuwaita watoto wetu, Mungu akijalia.

Tatizo lilikuwa mimi. Kila safari nilikagua kamba, life jacket, mawingu, kisha nikakagua tena. Ndiyo maana aliniita Mkaguzi. Kila nilipoogopa kitu, tulifanya upgrade. Niliogopa jua, tukaweka paa la turubai. Niliogopa kuteleza, fundi sofa wa Katoro akatushonea viti kwa kitambaa cha maua cha sebuleni. Vikanyonya maji, tukawa tunavianika uani kama mihogo.

Kisha Maduhu akafunga injini kubwa zaidi, ili upepo ukianza turudi haraka. Hapo ndipo hofu yangu ilipoongezeka. Injini ilikuwa nzito, nyuma ikawa inakaa chini na pua ya boti inainuka. Nikawa sioni maji mbele. Naona anga tu, nawaza tutagonga nini.

Jumapili moja nilishuka miguu ikitetemeka, nikamng'ang'ania kwenye pikipiki mpaka nyumbani. Maduhu akaegesha pikipiki akaniambia kwa upole kabisa:

"Mkaguzi, hii boti niliichukua ili ufurahi. Tukienda tena ukashuka unatetemeka hivi, naiuza. Si kwamba nimekasirika. Siwezi kukutesa halafu niite starehe."

Wakuu, sikulala vizuri. Niliipenda ile boti kuliko alivyojua. Ikiuzwa, nilimwona akirudi kwenye simu zake moja kwa moja.

Nikakaa nikachambua hofu yangu kama swali la mtihani. Jibu likaja: pua inainuka kwa sababu mbele hakuna uzito. Mtu wa mahali pengine angetafuta mawe. Mtu wa Katoro akitaka kitu kizito anachota marudio, ule mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na kuoshwa dhahabu kwa zebaki. Jirani yetu ana lundo lake. Nikamwomba, nikajaza kwenye viroba vya zamani, nikavipanga chini ya kiti cha mbele.

Maduhu alipoviona alicheka. "Hii mali ya watu! Tukisimamishwa tutaulizwa dhahabu tunaipeleka wapi."

Lakini tulipoondoka boti ilikaa sawa. Pua chini, maji yote nayaona. "Mke wangu ana akili," akapaza sauti, ingawa hakukuwa na wa kumsikia. Nilijiona injinia.

Tulikula ugali na sato kwenye kivuli cha turubai. Wakati wa kurudi upepo ukaanza, mawimbi yakawa yanaingia kidogo kidogo kwa mbele. Si jambo geni, kuna pampu ndogo ya kuyatoa.

Pampu ikakohoa. Ikanyamaza.

Nikaona maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, na ni ya kijivu kama uji. Viroba vilikuwa vimechakaa kwa jua, vilipolowa vikaanza kuvuja. Marudio ni laini kama unga. Yametiririka mpaka nyuma, yakaingia kwenye pampu na kuiziba kabisa. Mume wangu ambaye kila siku anawagombeza wateja wasitumbukize pampu kwenye tope, mkewe alikuwa amemletea tope hadi miguuni.

Hakunigombeza. Alinyakua kiroba ili akitupe majini.

"Usitupe!" nikapiga kelele. "Yana zebaki! Watu wanakunywa haya maji!"

"Mkaguzi, tunazama!"

"Hatuzami! Shika usukani, twende taratibu!"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nilikata kamba za turubai, nikafunga viroba ndani yake, nikavikokota vyote mpaka katikati. Nikamwaga ugali uliobaki, nikaanza kuchota maji kwa sufuria. Yale ya tope niliyoyarudisha ziwani bado yananisumbua, sitawaficha. Nilichota na kuamrisha njia nzima. Punguza. Geuza kidogo. Usiniangalie mimi, angalia mbele. Na yeye alitii kila neno.

Tulipogusa mchanga wa Nkome nilishuka nikasimama. Miguu yangu ilikuwa imara.

Nikageuka nimwambie, nikamkuta Maduhu ameshika ubavu wa boti, mikono inatetemeka, kamba inamshinda kufunga. Nikaichukua nikafunga mwenyewe.

"Naiuza," akasema.

"Ulisema nikishuka natetemeka. Iangalie miguu yangu."

Akaiangalia kweli. "Na mimi je?"

Tukakaa mchangani, tumelowa, tunanuka petroli.

"Nilikuwa nakuona unachota," akasema, "nawaza nitamwambia nini mama yako." Akakamua shati lake. "Hivi kila Jumapili unajisikia hivi?"

"Kila Jumapili."

"Sasa unapandaje?"

"Napanda kwa sababu na wewe umo."

Alinishika mkono, akaendelea kuushika hata watu walipoanza kutuangalia, na mnajua Msukuma kushikana mikono na mkewe mwaloni si jambo dogo.

Boti hatukuuza. Marudio tulimrudishia jirani. Betri na tangi la mafuta tumevihamishia mbele, na pua imetulia. Siku hizi ananiuliza kuhusu mawingu kabla sijamuuliza mimi, na mara nyingine mimi ndiye namwambia atulie, tutafika.

Nilichojifunza ni hiki: nilitumia muda mrefu nikitaka kuondoa hofu ndipo nifurahie, na kumbe nilikuwa nafurahia siku zote huku naogopa. Ningemwambia hivyo tangu mwanzo, asingefikiria kuuza.

Wenye boti ndogo upande wa Ukerewe na Bukoba, nisaidieni chujio zuri la pampu. Na wenye ndoa, semeni ukweli, kati yenu wawili nani mwoga na nani anajikaza? Maduhu yupo hapa pembeni anasubiri kusoma majibu yenu.