Matundu ya Soko Jipya

Soko la zamani la Shinyanga lilipobomolewa, miaka ile ya sabini, wafanyabiashara wenzangu walililia meza zao. Mimi niliwalilia ndege. Sitasingizia kwamba ni kwa sababu walikula mbu, ingawa waliwala. Niliwapenda, basi. Tuliwaita mbayuwayu, ingawa wajuzi husema hao ni teleka, ndugu zao wasiotua chini kwa hiari yao. Walidaka angani nyuzi za pamba zilizopeperuka kutoka jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, wakazigandisha kwa mate chini ya mapaa yetu. Asubuhi nilipokaanga vitumbua walipita juu ya kichwa changu kwa makelele, nami nikawajibu.

Soko jipya lilikuwa la matofali ya saruji, limenyooka kweli kweli, halina pa kujishikiza hata mjusi. Sisi wanawake wa vitumbua, mchele na dagaa tukakubaliana kumwomba fundi aliyekuwa akilijenga aache matundu ya ndege juu ya ukuta, chini kidogo ya bati.

"Yaya!" akasema, na hapana ya Msukuma haina mlango wa nyuma. "Ukuta wangu uwe na matundu? Watu watasema niliishiwa matofali."

Sasa, baba yangu alikuwa Mzaramo aliyeletwa huku na kazi ya reli, na Mzaramo na Msukuma ni watani. Mtani akichukua kitu chako huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, umeshindwa mbele za watu. Kesho yake nikachukua pima maji yake, ile ya kupimia unyoofu wa ukuta, nikaikalia huku nakaanga. Akanizunguka, anacheka kwa meno tu, akaniita mwizi wa pwani. Nikamwambia ajenge kwa macho, si ndivyo wanavyochunga ng'ombe kwao? Watu wakavunjika mbavu. Kabla ya adhuhuri alikubali, nami nikamrudishia chombo chake pamoja na vitumbua vya bure.

Matundu yakatoka, safu nzima, yamepigwa lipu mpaka ndani, laini kama sahani. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kulinda jina: kama ni lazima yawepo, basi yawe matundu ya fundi.

Mvua zikaja, na ndege wakaja nazo. Wakazunguka, wakagusa ukuta, wakaondoka. Kesho yake vilevile. Fundi alikuwa bado anajenga choo cha soko, na kila aliyepita alimuuliza wapangaji wake wako wapi. Hilo lilinikera sana. Mimi nina ruhusa ya kumcheka, wao nani kawapa? Kisha msimamizi wa soko akatangaza kwamba Jumamosi matundu yazibwe, yanaharibu sura ya jengo.

Ijumaa ndege mmoja akateleza ukutani, akaangukia sinia langu. Hakuweza kujiinua, mabawa marefu, miguu mifupi mno. Nilipomwokota niliona vidole vyake vyote vinatazama mbele, na kucha zikaikamata kanga yangu hata nikashindwa kumbandua. Nikampeleka kwa fundi vivyo hivyo, ananing'inia kifuani.

"Mtani, hebu tazama miguu ya mgeni wako."

Akatazama. Hakutania. Akapitisha kidole kwenye kucha zile, kisha kwenye ukuta wa choo, ambao ulikuwa haujapigwa lipu, ungali na mikwaruzo. Nilimwona ameelewa, na nilimwona imemuuma. Akachukua tindo na nyundo, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda, akaanza kuichokoa lipu yake mwenyewe. Vumbi likamwagikia meza zetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemkemea.

Tundu la kwanza lilipokwaruzika vya kutosha, akanyoosha mkono chini. Nikambandua ndege taratibu, nikampa. Akamweka kwenye ukingo, akafungua kiganja. Kucha zikashika. Ndege akatulia kidogo, akatambaa, akaingia ndani.

Kelele za nyundo zilimtoa msimamizi ofisini. Akaona vipande vya lipu vimetapakaa kwenye sakafu ya soko ambalo halijamaliza hata mwaka. Sisi wanawake tukasimama mbele ya ngazi, kila mmoja na jibu lake mdomoni.

"Nani ameharibu ukuta huu?"

"Mimi," fundi akajibu kutoka juu, bila kugeuka. Akashuka, akaisogeza ngazi kwenye tundu la pili.