Ndagala Juu ya Mtutu

Mume wangu, polisi hapa Baraka, ameambiwa ataitwa Fizi kupimwa shabaha. Atakayeshindwa atahamishiwa kituo cha mbali, upande wa Kilembwe. Kosa lake analijua: kidole chake huvuta kifyatulio kwa pupa, mtutu ukaruka pembeni. Kwa hiyo kila akitoka zamu hufanya mazoezi nyuma ya jikoni, bila risasi.

Kazi yangu ni kusimama ubavuni mwake na kuweka ndagala mmoja mkavu juu ya mtutu. Akibonyeza polepole, ta! samaki anabaki. Akishtuka, samaki anaanguka, na kuku wetu ameshajua pa kusubiri.

Mama mkwe hapendi bunduki nyumbani. Sharti lake ni kwamba risasi zitoke kwanza. Mume wangu huchomoa shajeri, kile kisanduku cha risasi, kisha huvuta chuma cha ubavuni ili iliyobaki ndani iruke. Mama hufunga zote kwenye pindo la kitenge na kwenda kukaa nazo kwa jirani mpaka tumalize.

Siku moja mume wangu alichelewa kurudi. Mama alikuwa amesimama, mkono wazi.

"Leta basi, niko na kazi!"

Mume wangu akavuta chuma kwanza. Risasi ikaruka, mama akaiokota. Ndipo mwanawe akachomoa shajeri na kumpa. Mama akaenda zake.

Niliweka ndagala. Mume wangu akalenga alama ya mkaa kwenye ukuta wa udongo. Nyuma ya ukuta huo nilimsikia mama akicheka na jirani. Ndipo nikakumbuka. Siku zote shajeri ndiyo ilitangulia.

"Baba batoto, ngoja kwanza."

"Utaangusha samaki na makelele yako."

"Vuta ile chuma tena."

"Nimeshavuta. Mama amebeba risasi yote. Unaogopa nini?"

"Vuta tu."

"We sasa ni komanda yangu?"

Kidole kilikuwa tayari kwenye kifyatulio. Nikamnyakua ndagala.

"Komanda mwizi," alisema, akavuta chuma ili anyamazishe mdomo wangu. Risasi ikaruka, ikaanguka kwenye mkeka, katikati ya ndagala walioanikwa. Ile ya kwanza ilipotoka, nyingine ilikuwa imepanda kutoka kwenye shajeri.

"Bado hamujamaliza?" mama aliuliza ng'ambo ya ukuta.

Mume wangu aliinama kuiokota. Nikajibu mimi: "Bado, mama. Kuko moja yako imebakia huku."

Alama tumeihamishia kwenye kichuguu, upande usio na nyumba. Mwito wa Fizi haujafika. Siku hizi, kabla ya kuweka samaki, mume wangu hunifungulia bunduki bila kuambiwa, nami hutia kidole kidogo ndani, mahali risasi inapokaa, mpaka niguse utupu. Kidole hunuka mafuta hadi wakati wa kusonga ugali. Hata hivyo, mpaka nisikie ile ta, sipumui.